Klasta ya C6 tatu: mbili zinawaka, ya tatu inabaki mpya. Kosa liko wapi?

#1 Pezi_Tatu
Wakuu habari. Roketi ni ndogo ya kujijengea kutoka seti, bomba la karatasi la BT-60, mota tatu za baruti za C6-5 (hiyo 5 ni sekunde za kusubiri kabla ya kutoa parashuti) zimebanana nyuma, ndiyo klasta yenyewe. Ikiwa tayari kurushwa ina gramu 248. Uwanja ni wa klabu, huku Minnesota. Betri ni ya UPS, 12V 7Ah, viwashio (vile vya umeme vinavyowasha mota) vimeungwa sambamba, waya mita 5. Mara mbili mfululizo mota mbili zimewaka na ya tatu imebaki kama ilivyotoka kwenye pakiti. Roketi inapanda imeinamia upande mmoja, parashuti inatoka, inarudi nzima. Nataka kujua sababu kabla ya kurusha mara ya tatu.

#2 Ohm_Mtupu
Kuunga sambamba umefanya vizuri. Ukiunga mfululizo, kiwashio cha kwanza kikikatika umeme unakata kwa wote. Ila hukutaja unene wa waya, na hapo ndipo penye jibu.

Hesabu yenyewe: kiwashio kimoja ni kama ohm 0.7. Vitatu sambamba ni 0.23. Waya wa mita 5 ni mita 10, kwenda na kurudi. Ukiwa ule mwembamba wa 0.2 mm², hizo mita 10 zinakula ohm 0.84. Weka na betri, jumla inafika 1.1. Volti 12 inatoa ampea 11, kila kiwashio kinapata 3.6 hivi. Kwa kiwashio kinachohitaji kama 2, unaona inatosha. Sasa chukua klipu moja yenye masizi, iongeze ohm 0.5 kwenye njia moja tu. Njia hiyo inashuka mpaka ampea 2.4, zile nyingine mbili zinapanda mpaka 4. Kiwashio hicho kitawaka, ila kitachelewa. Kwenye klasta kuchelewa ndiko kunakoua.

Hakikisha pia hutumii kile kirushio cha betri nne ndogo za AA. Kimetengenezwa kwa mota moja. Ukigawa umeme wake mara tatu kila kiwashio kinabaki na ampea moja tu.

#3 Mama_Msasa
Mkuu Ohm, umeshapiga hesabu hata hujauliza ncha ya kiwashio ilifika wapi.

Pezi_Tatu, angalia mota ya C6 kutoka nyuma. Tundu ni la udongo mgumu, na ndani yake kuna kishimo kidogo kwenye baruti. Ncha ya kiwashio lazima IGUSE baruti juu ya kishimo hicho. Kukaribia hakutoshi. Watu wengi wanapinda miguu ya kiwashio kwanza halafu ndiyo wanasukuma kizibo kinachokishikilia kwenye tundu. Ukipinda kwanza, ncha inarudi nyuma milimita mbili na huwezi kuiona. Utaratibu ni huu: mota isimame tundu juu, kiwashio kiingie mpaka kikwame chenyewe, kizibo kibonyezwe mpaka kitulie, MWISHO ndiyo unapinda miguu. Na fanya hivyo mota zikiwa nje ya roketi. Zikishaingia zote tatu vidole havipati nafasi, na ile ya mwisho ndiyo inayoharibika.

Vizibo navyo vina rangi kulingana na ukubwa wa tundu. Kizibo cha mota nyingine kinalegea, kiwashio kinashuka kwa uzito wa klipu.

#4 Kasuku_wa_Anga
Wote wawili mnaweza kuwa sahihi na bado jibu likawa jingine: roketi imekimbia. Mota mbili zikiwaka, C6 moja inafika kilele cha kama niutoni 14, mbili ni 28, na roketi yake haina hata niutoni 2.5 za uzito. Inaruka papo hapo. Ikishaachana na klipu, kiwashio cha tatu kimekatiwa umeme hata kama kilikuwa kimeanza kupata moto. Acha waya wa mkia wenye ulegevu wa sentimita 15 mpaka 20 chini ya roketi, usivutwe ukakaza. Kiwashio kilichochelewa kinapata muda kidogo.

#5 Juu_Zaidi
Uzi mzuri. Kwa hiyo C6 tatu ni sawa na C18? Na inapanda mara tatu ya ile ya mota moja?

#6 Mama_Msasa
@Juu_Zaidi hapana kwa yote mawili, mdogo wangu. Herufi ni jumla ya msukumo, namba ni wastani wa nguvu. C inaishia niutoni-sekunde 10. Tatu ni mpaka 30, na hiyo ni E, kwa sababu E inaanzia 20.01 mpaka 40. Kwa hiyo ni kama E18. Kuhusu urefu, umebeba mota tatu, kila moja gramu 24 hivi, na bomba nene linalosukuma hewa zaidi. Haipandi mara tatu. Faida ya klasta ni kuinua roketi nzito na kuondoka kwenye fimbo ya kurushia kwa kasi.

#7 Pezi_Tatu
Asanteni. Waya ni 0.5 mm². Klipu zilisuguliwa kwa msasa kabla ya kurusha. Kiwashio kilichobaki nimekitoa leo na kukiangalia kwa lenzi: ile dawa ya kwenye ncha imeungua upande mmoja, upande wa pili ipo. Uzi mwembamba wa katikati haujakatika.

#8 Ohm_Mtupu
Ndiyo hiyo. Uzi haujakatika, maana yake umeme haukutosha au haukudumu. Kiwashio kilichopata ampea zake uzi unakatika.

#9 Mama_Msasa
Ndiyo hiyo. Dawa imeungua na mota haikuwaka, maana yake moto ulikuwepo ila haukugusa baruti. Upande ulioungua ulikuwa hewani.

#10 Kasuku_wa_Anga
Imeungua nusu kwa sababu umeme ulikatwa katikati ya kazi. Roketi ilishaondoka.

#11 Bati_Jembamba
Mna ushahidi mmoja na kila mtu amebeba wake. Naongeza wa nne: shoti. Viwashio vitatu vina miguu sita ndani ya duara la sentimita nne. Mguu mmoja ukilalia mwenzake, kiwashio hicho kinapata umeme mchache kuliko wenzake au hakipati kabisa. Mita haikuonyeshi kitu, kwa sababu njia ipo, tena ohm zinasoma chini kuliko kawaida. Ukipima vitatu sambamba ukaona karibu na sifuri kabisa badala ya 0.2 na kitu, tafuta shoti. Tatizo ni kwamba mita nyingi za bei ndogo hazitofautishi 0.1 na 0.3, kwa hiyo gusanisha kwanza ncha zake mbili, soma zinaonyesha ngapi, halafu toa.

Kata vipande vya tepu ya karatasi, kimoja kati ya kila jozi ya miguu.

#12 Fundi_Balsa
Kabla hamjamaliza umeme, mleta uzi atuambie alivyojenga kitako cha mota. Kwenye BT-60 hapo ndipo penye kazi.

Bomba la mota ya milimita 18 lina kipenyo cha nje 18.7. Matatu yakibanana yanahitaji duara la 40.3. Ndani ya BT-60 ni 40.5. Una nafasi ya milimita 0.2 kwa bomba zima! Ndiyo maana seti nyingi za klasta ya tatu zimeegemea bomba hilo, na ndiyo maana gundi ikizidi kidogo kitako hakiingii. Weka kioo mezani, laza mabomba mawili sambamba juu yake, gundi ya mbao nyembamba kama uzi kwenye mstari yanapogusana. Yakikauka weka la tatu juu ya bonde lao. Ncha zote zilingane kwenye kioo ukiyasimamisha. Gundi iliyotokeza nje ya duara ikatwe kwa wembe, usiisugue kwa msasa, maana msasa unachana karatasi ya bomba.

Kisha mianya. Kuna pembetatu moja katikati na mitatu pembeni. Yote izibwe. Baruti ya kutoa parashuti inatafuta njia rahisi, na mwanya ulio wazi ni bomba la moshi linaloelekea nyuma. Tishu iliyolowekwa gundi nyeupe, isokotwe, isukumwe kwa kijiti milimita 10 hivi kutoka mbele, halafu gundi juu yake. Simamisha kitako juu ya taa. Ukiona mwanga, rudia.

Mwisho, vishikizo. Ndoano ya chuma haipati nafasi kwenye 0.2 mm. Mota zinashikwa kwa msuguano: tepu ya karatasi mizunguko miwili kwenye mota, karibu na nyuma, mpaka iingie kwa kusukumwa na dole gumba kwa nguvu. Ikiingia kwa kuteleza, baruti ya mbele itaitema mota badala ya kutoa parashuti.

#13 Pezi_Tatu
@Fundi_Balsa mianya ya pembeni niliziba, ule wa katikati hapana. Seti haikutaja.

#14 Fundi_Balsa
Uzibe leo. Hauhusiani na kuwaka, lakini ipo siku mota moja tu itatoa baruti yake na gesi yake ndogo itapotelea hapo.

#15 Mzizi_wa_Mbili
Kuhusu kuinama. Mota kwenye kitako hicho iko milimita 10.8 kutoka mstari wa katikati. Moja ikikosa, nguvu ya hizo mbili inapita milimita 5.4 pembeni ya mstari. Kwa niutoni 28 za kilele ni kama niutoni-mita 0.15 inayozungusha roketi. Ni ndogo, ndiyo maana imeinama tu na haikuanguka. Mtu akiweka mota kwenye mapipa ya pembeni, sentimita 5 kutoka katikati, moja ikikosa mambo ni mengine kabisa.

Jingine linalosahaulika: mota isiyowaka inapanda na baruti yake yote, gramu 11 hivi, kwenye mkia. Kitovu cha uzito kinabaki nyuma kuliko ulivyokipima kwenye programu. Pima na mota tatu mpya ndani, kitovu cha uzito kiwe mbele ya kitovu cha shinikizo (pale nguvu ya hewa inapokusanyikia) angalau kipenyo kimoja cha bomba, yaani milimita 42. Pungufu ya hapo, ongeza udongo wa kuchezea kwenye pua, gramu 5 kwa 5.

#16 Ngomeni_70
Mimi ningemshauri aachane na klasta. Warusi walijaribu N1, roketi yao ya mwezini yenye injini 30, wakarusha mara nne kati ya 1969 na 1972, zote zikaanguka. Hata ile iliyorushwa Malindi ilikuwa klasta?

#17 Bati_Jembamba
@Ngomeni_70 N1 ilianguka zote nne, kweli. Lakini Saturn I ilikuwa na injini nane za H-1 chini, ikaruka vizuri mara ya kwanza Oktoba 1961, na Saturn V ilikuwa na F-1 tano. Wingi peke yake hauhukumu.

Ya Malindi haikuwa klasta. Ilikuwa Scout, hatua nne za baruti ngumu, moja juu ya nyingine, zinawaka kwa zamu. Jukwaa la San Marco la Waitaliano, baharini nje ya Ngomeni kwenu. Ndiyo iliyopeleka satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, na jina likatoka hapo. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa elimu ya eksirei za angani ikabeba neno la Kiswahili.

#18 Ngomeni_70
Nimesahihishwa, ahsante. Jina langu humu limetoka huko huko.

#19 Jua_la_Kisumu
Naomba kuuliza, mtu akisafiri anaweza kuniletea C6 pakiti mbili tatu?

#20 Ohm_Mtupu
Hapana. Mota za roketi haziruhusiwi kwenye ndege ya abiria, si begi la mkononi wala la chini. Na ndani yake ni baruti nyeusi, kwa hiyo kibali kinatangulia. Wakati unafuatilia, jenga ya maji: chupa za plastiki, pampu ya baiskeli yenye geji. Mapezi na kitovu cha uzito utajifunza vilevile.

#21 Kasuku_wa_Anga
Jambo la usalama halijasemwa. Mleta uzi ana waya wa mita 5. Kanuni za chama cha roketi cha Marekani, NAR, zinasema futi 15 kwa mota ya D kushuka chini, futi 30 kwa kubwa zaidi. Yake jumla ni E. Asogee mita 9.

#22 Juu_Zaidi
Lakini kila mota yake ni C. Kanuni inasema mota au jumla?

#23 Kasuku_wa_Anga
Ukubwa wa uwanja kwenye kanuni hizohizo unapimwa kwa jumla ya msukumo: zaidi ya 20 mpaka 40, futi 1,000 upande mfupi. Mimi nafuata jumla kwa yote mawili.

#24 Mzizi_wa_Mbili
Maneno ya umbali yanataja mota. Ila roketi iliyowaka nusu ndiyo inayoinamia watu, kwa hiyo mita 9 naunga mkono hata bila kanuni.

#25 Ohm_Mtupu
Na mita 9 inanirudisha kwangu. Waya wa 0.5 mm², mita 18 kwenda na kurudi, ni ohm 0.63. Ulikuwa na 0.35. Ndiyo maana wenye klasta wanaweka betri CHINI YA PEDI ya kurushia na rilei (swichi inayofungwa na umeme mdogo). Rilei ya gari ya 12V, ampea 30. Waya mwembamba mrefu unabeba umeme mdogo wa kuamsha rilei tu. Kutoka betri mpaka klipu ni mita moja ya waya wa 1.5 mm². Rilei ikibonyea, betri nzima iko mlangoni kwa viwashio. Ufunguo wa usalama ubaki mkononi mwako upande wa kitufe. Weka na swichi ya pili kwenye betri, inayowashwa na mtu wa mwisho kuondoka pedini, kwa sababu rilei inaweza kuganda ikiwa imefunga. Kabla ya kuunga klipu, weka balbu ndogo ya 12V kati yake. Ikiwaka hujabonyeza kitu, rilei imeganda.

Mkia wa klipu: waya mbili za shaba tupu, sentimita 10, kila moja imezungushwa duara. Mguu mmoja wa kila kiwashio kwenye duara la ndani, mguu wa pili kwenye duara la nje, zungusha mara tatu kila mmoja. Klipu zinabaki mbili tu badala ya sita.

#26 Mama_Msasa
Mkia huo ni mzuri, naukubali. Ila yale maduara yakining'inia kwenye miguu ya viwashio yanavuta ncha chini, na tumerudi kwangu. Bandika mkia kwenye kibati cha kuzuia moto kwa tepu, usining'inie kwenye roketi.

#27 Kasuku_wa_Anga
Ukiubandika kwenye kibati roketi ikiondoka inakata mara moja. Ndiyo hoja yangu ya #4.

#28 Mama_Msasa
Acha huo ulegevu wako wa sentimita 15 kati ya kibati na viwashio. Waya utulie juu ya kibati, usibebwe na ncha.

#29 Bati_Jembamba
Na ulegevu huo ndio unaoleta shoti, waya tupu zikigusana. Vaa moja mrija wa plastiki uliochunwa kutoka waya mwingine.

#30 Jembe_na_Roketi
Nimesoma yote. Mbona hakuna aliyetaja mota zenyewe? Mota iliyokaa kwenye gari lenye joto na kulala baridi mara nyingi, baruti inaachana na ganda. Na chembe ya udongo ikianguka kwenye kishimo, ncha inagusa udongo badala ya baruti. Piga mota taratibu kwenye kiganja, tundu chini, uangalie kinachotoka.

#31 Fundi_Balsa
@Jembe_na_Roketi mota ya baruti iliyozungushwa joto na baridi kwa kawaida inapasuka ikiwaka, haikatai kuwaka. Chembe ya udongo nakubali, na ni sekunde mbili kuangalia kwa tochi.

Onyo kwa wanaosoma: msitumie C6-0 kwenye klasta ya hatua moja mkidhani mnaokoa gharama. Haina kicheleweshi wala kofia ya udongo mbele. Ikimaliza kuungua moto unapenya mbele moja kwa moja, parashuti inatoka roketi ikiwa kwenye kasi kubwa kabisa, na inachanika.

#32 Juu_Zaidi
Na mota ya kompoziti (ile ya fueli ngumu isiyo baruti nyeusi) moja katikati, za baruti pembeni?

#33 Ohm_Mtupu
Kompoziti inachelewa kujenga shinikizo. Za baruti zitakuwa zimeshaiondoa kwenye fimbo. Usichanganye kwenye mzunguko mmoja.

#34 Pezi_Tatu
Nashukuru. Jumamosi: mwanya wa katikati umezibwa, rilei chini ya pedi, mita 9, viwashio naingiza mota zikiwa nje, mkia wa maduara wenye mrija upande mmoja, tochi kwenye kila tundu. Uzi wa parashuti nimebadilisha kutoka lastiki fupi kwenda Kevlar mita 1.5, kwa sababu baruti tatu zinatoka karibu pamoja. Parashuti sentimita 60.

#35 Bati_Jembamba
Ukibadilisha vyote kwa siku moja zikawaka tatu, hatutajua ilikuwa nini.

#36 Pezi_Tatu
Roketi ni moja, kaka.

#37 Mzizi_wa_Mbili
Basi usitupe viwashio. Vyote vitatu, hata vilivyowaka, viweke kwenye bahasha tatu zenye namba ya bomba. Weka alama kwenye mabomba 1, 2, 3 kwa kalamu. Ile iliyokosa mara mbili ilikuwa bomba lilelile?

#38 Pezi_Tatu
Sikuweka alama. Naweka sasa.

#39 Mama_Msasa
Na kama itakosa tena usiikimbilie. Ufunguo utoke, swichi ya betri izimwe, sekunde 60 kamili, ndiyo mtu mmoja asogee. Kwa gramu 248 kuna anayekubaliana na C6-5, au ni C6-3? Mimi ningeweka 3. Zikiwaka mbili tu haitapanda sana, na sekunde 5 itakuwa inarudi chini kwa kichwa.

#40 Mzizi_wa_Mbili
Kwa tatu, 5. Kwa mbili, 3. Na hajui atapata zipi.